Parseli ya Vijiti

Kwa wiki tatu hakuna kilichosimama katika parseli ya Ninahazwe, kiwanja chake, isipokuwa nyumba yake na vijiti. Mvua ya kwanza ilikwisha kunyesha, na majirani wote wa mtelemko ule wa juu ya Kalundu walikuwa wameshafukia maharagwe yao. Yeye bado alizunguka na kamba na mkebe wa majivu, akipima kwa hatua, akichomeka kijiti hapa, akiking'oa, akikisogeza shibiri mbili.

"Mama Naomie, weye iko unapanda kuni?" jirani yake Célestine alimwuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Napanda kuni, ndiyo. Zikiiva nitakugawia."

"Mvua itakwisha, nakuambia!"

"Iishe. Minye nilifanya haraka miaka kumi na sita. Iliniletea nini?"

Habari hiyo Célestine aliijua. Miaka kumi na sita Ninahazwe alilima shamba la ukoo wa mumewe kule Lubarika. Alipanda maharagwe, mahindi na mihogo, vitu vya kung'olewa. Mgomba alikatazwa, na mti wa avoka pia, kwa sababu kule aliyepanda mti ndiye husema udongo wa chini yake ni wake, na ukoo haumpi nafasi hiyo mwanamke aliyekuja kuolewa tu. Mumewe alipokufa, shemeji yake Sévère alisimama katikati ya shamba mbele ya wazee, akamwuliza swali moja: "Mti wako uko wapi?" Hakuwa na mti wa kuonyesha. Aliondoka na mtoto wake Naomie mgongoni na jembe mkononi, mpini wake umelainika kwa viganja vyake mwenyewe.

Parseli hii ya Kalundu aliipata kwa miaka tisa ya kuanika na kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ufukweni. Hakuna mwanaume aliyechangia hata jiwe. Ndiyo sababu hakutaka kuipanda ovyo.

Shule hakuwahi kuingia, lakini macho alikuwa nayo. Jua huchomoza ziwani, ng'ambo ya Burundi, na milima hulimeza mapema; basi mboga zake, lengalenga na ngaingai, alizipangia upande wa ziwa, zipate jua la asubuhi. Alimwaga beseni la maji ya vyombo, akayafuata nyuma kama mtu anayemfuata mwizi, na yalipotuama akachomeka vijiti vitatu, alama za mahali pa migomba. Kwa ajili ya avoka alisimamisha ufito mrefu, akangoja alasiri aone kivuli kinalala wapi. Kililala juu ya mboga. Akauhamisha. Siku ya tatu kivuli kikaja kulala mlangoni, mahali atakapokaa akizeeka, naye akacheka peke yake.

Jumamosi Sévère akatokea, amevaa shati la kanisani, gunia begani na jembe juu yake.

"Shemeji! Nimesikia uko na parseli. Nikasema siwezi kuja mikono mitupu." Akatua gunia: miche mitatu ya migomba, minene, bado na udongo wa Lubarika kwenye mizizi. Akatazama huku na huku. "Vijiti tu? Ehe, kazi ya mwanamke bila mwanaume."

"Angalia bahati hiyo!" Célestine alishangilia uani.

Sévère alitema mate viganjani, akaenda moja kwa moja kwenye kijiti cha kwanza cha mgomba, akakitupa pembeni, akaanza kuchimba. Jembe lilikuwa limeingia mara tatu Ninahazwe alipofika.

"Sévère. Toa jembe."

"Nakusaidia, shemeji."

"Naona. Na siku nikifa, utakuja kumwuliza Naomie nani aliupanda?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Weye iko na roho mbaya. Migomba mitatu tu!"

"Shamba zima mulinifukuza kwa kukosa mmoja."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Célestine aliona aibu kwa niaba ya mgeni. "Mama Naomie, usimwaibishe mutu hivi. Mungu anasema tusamehe."

"Mungu hana shemeji."

Mtu akaangua kicheko. Célestine mwenyewe alijiziba mdomo kwa kitenge.

"Basi naiacha hapa," Sévère alisema, sauti imeshuka. "Utaipanda mwenyewe."

Ninahazwe aliitazama miche. Ilikuwa mizuri, na yeye hakuwa na hata mmoja. Akapiga magoti, akarudisha udongo shimoni kwa mikono, akaushindilia, akachomeka kijiti pale pale.

"Beba."

Alibeba. Alishuka kuelekea barabarani, udongo wa mizizi ukimwagikia shati lake jeupe.

"Sasa migomba utaitoa wapi?" Célestine aliuliza.

"Jumatatu boti zinazotoka mji wa Baraka zinashusha miche bandarini. Nitachagua mwenyewe, nitaibeba kichwani mchana kweupe, na nitapita katikati ya barabara. Kila mutu aone nani ameibeba. Uje siku ya kupanda, uangalie. Lakini jembe lako uliache nyumbani."

"Hata minye, jirani yako?"

"Hata weye."

Célestine akacheka. "Basi nitakuja na kiti."

"Kuja na viwili. Mutu mwingine anaweza kutaka kuona."