Kinyozi Asiye na Mteja

Mdogo wangu ni fundi wa matangi ya samaki wa baharini, na ana kichwa kigumu kuliko vioo anavyosugua. Nasema hivi mimi dada yake niliyembeba mgongoni, kwa hiyo asije mtu kuniambia namwonea. Kazi yake ni kuzunguka na ndoo na mipira ya maji: kwa daktari wa meno, mapokezi ya hoteli, kwa yeyote aliyenunua samaki kwa mbwembwe halafu wakamshinda. Wateja wake yeye huwagombeza kama watoto. Nyumbani ana tangi moja tu, la marehemu wifi yangu.

Humo alikuwamo samaki mmoja wa njano, bapa, mwenye maringo, ambaye wifi alimwita Bosi. Alikuwamo na kamba mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni na masharubu marefu. Huyo akamwita Kinyozi. Kinyozi alikaa juu ya jiwe lake akingoja. Bosi akija, anatulia, ananyoosha mapezi, na Kinyozi anampanda na kumdonoa uchafu mwilini. Wifi aliwahi kuunguza sufuria kwa kuwatazama hao wawili. Alipofariki, hao ndio waliobaki na uhai mle ndani, ukimwacha mdogo wangu, na yeye nilikuwa na mashaka naye.

Kila Jumapili nilimpelekea chakula. "Hama," nilimwambia. "Kwangu kuna chumba, kuna watoto, kuna kelele. Hapa unaongea na nani?" Alicheka kidogo akasema, "Dada, chakula kitapoa." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Nikifunga mabakuli yangu kuwahi basi, hakuwahi kuniambia nikae.

Siku moja nikamkuta ameshika tama mbele ya kioo. Bosi alikuwa na vidoa vyeupe mwili mzima, utadhani kanyunyiziwa chumvi ya mezani, anahema haraka na kujisugua kwenye mawe.

"Vijidudu," alisema. "Nadhani nimevileta na neti ya kazini."

"Dawa yake?"

"Kumpunguzia chumvi."

"Ebo! Samaki wa bahari umpunguzie chumvi? Si unamuua?"

"Ukimshusha polepole anavumilia, dada. Kijidudu ndicho hakiwezi. Maji yanakiingia, kinavimba, kinapasuka."

Taabu ilikuwa kwa Kinyozi. Yeye naye hawezi. Maji hayo yangemmaliza. Basi Bosi akahamishiwa tangi dogo chumbani, na lile kubwa la sebuleni likatakiwa likae bila samaki hata mmoja kwa wiki nyingi, ili vijidudu vilivyobaki mchangani vikose pa kujishika, vife. Kinyozi akabaki peke yake.

Kila asubuhi mdogo wangu alitoa maji kidogo, akaongeza yasiyo na chumvi, akachungulia kipimo chake cha chumvi kwenye mwanga wa dirisha. Vidoa vikaanza kutoweka. Bosi akala. Na hapo ndipo fundi wangu alipofanya ujinga.

Nilipokwenda tena, Bosi alikuwa amesharudishwa tangi kubwa, yuko mbele ya Kinyozi anahudumiwa. "Amepona?" nikauliza. Akajifanya anafuta kioo. Kumbe vidoa kutoweka si kupona. Vijidudu huachia mwili, vikajificha, vikazaana, vikarudi jeshi zima. Na alijua! Ndilo jambo analowagombezea wateja siku zote.

Nilimpa vidonge vyake. "Daktari wa meno angefanya hivi ungemla mzima mzima!"

Akasema, macho chini, "Nyumba ilikuwa kimya mno, dada. Narudi kazini namkuta Kinyozi amekaa pale pale, anangoja, na hakuna anayekuja."

Mimi, na mdomo wangu huu wote, nikamfungulia bakuli la chakula.

Vidoa vikarudi, safari hii kwa ukali. Bosi alilala ubavu kwenye kona, mapezi yamekunjamana. Mdogo wangu alilia mbele yangu bila kujificha. "Huyu akifa," alisema, "ndiyo mke wangu kaondoka kweli."

Akaanza upya: tangi dogo, kipimo, maji kidogo kidogo. Wala sitii chumvi nikisema nilimpigia simu kila siku kuulizia hali ya samaki, mimi ambaye nilikuwa nawaita mboga.

Jumapili moja niliingia bila kubisha nikamkuta kwenye stuli, shati kalikunja mpaka kwapani, mkono umo ndani ya tangi kubwa. Kinyozi alikuwa amempanda vidoleni, anamchokonoa kucha kwa viguu vyake vyembamba. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho.

"Ananitekenya," alisema. "Nikitoka kazini ananisafisha. Hakuna mtu mwingine anayenigusa, dada."

Nilitaka kumtania kwamba kinyozi kapata mteja, nikaacha. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Bosi akapona, safari hii kweli. Vidoa vilipotoweka mdogo wangu alingoja wiki juu ya wiki, akamrudishia chumvi taratibu, na siku ya kumrudisha nyumbani kwake akaniita. Bosi alizunguka tangi kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye jiwe, akatulia, akanyoosha mapezi. Kinyozi akampanda. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu.

Mdogo wangu alikuwa anatabasamu, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Akakunja shati, akatia mkono majini, akausogeza karibu na jiwe. Kinyozi alikuwa na kazi. Mdogo wangu akangoja. Akachezesha vidole kidogo. Yule kamba hata masharubu hakuyageuza.

Akautoa mkono, akaufuta kwa taulo, kidole baada ya kidole. Mimi nikaanza kufunga mabakuli yangu nisikose basi.

"Dada," alisema, bado anatazama taulo, "leo huwezi kulala hapa?"

Tangu tumzike wifi hakuwahi kuniomba kitu. Niliweka mabakuli chini, nikavua viatu, nikamshika ule mkono. Ulikuwa bado wa baridi.