Umemkabidhi Mtoto kwa Mchanga

Nakumbuka siku moja mwalo wa Mwamgongo, ufuko wetu wa kushushia samaki, ulikuwa mtupu asubuhi kweupe, na nyumbani kwetu hakuna aliyelifikiria hilo. Mwanangu, wewe unayeniambia kwamba watoto wako wanacheza nje huko Katubuka na mtaa mzima unawajua, kaa unisikilize kidogo.

Nilikuwa darasa la nne. Mdogo wangu Zuhura alikuwa hajaanza shule. Mama alituacha tushinde ziwani tangu asubuhi, na hakuwa mzembe. Akina mama waanika dagaa walikuwa pale kutwa, wakigeuza dagaa mchangani na kufukuza ndege, na mtoto aliyeingia maji marefu aliitwa kwa jina na mtu wa kwanza kumwona. Wazee husema mkono mmoja haulei mwana, na pale mikono ilikuwa mingi. Mama alikuwa akisema tu, "Nendeni, mwalo una wenyewe."

Lakini siku ile zilikuwa siku za mwezi mkubwa. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze: dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, mitumbwi hupumzika, nyavu hutundikwa, na wasio na dagaa wa kuanika hubaki majumbani mwao.

Tulimkuta mtu mmoja na mtumbwi wa mashine. Tulimjua kwa sura, alikuwa akija kununua dagaa. Alitusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akaniambia, "Mtoto wa Gwasa, mpe ruhusa mdogo wako aje anifulie maji mpaka Kigoma. Jioni namrudisha na ndoo yake ya dagaa."

Usishangae. Kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga yale yanayoingia mtumbwini, ilikuwa kazi ya watoto, na ujira wake ulikuwa dagaa. Zuhura alifurahi. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani.

Mama Bukuru, mwanika dagaa wa siku nyingi, alikuwa amekuja peke yake kufunga vichanja vyake vya kuanikia vilivyolegea. Aliyasikia, akatembea hadi majini bila haraka.

"Shikamoo, mama," yule mtu akasema.

Mama Bukuru hakuitikia marahaba. Aliuliza, "Dagaa wa ndoo hiyo watatoka wapi?"

"Ziwani, mama. Kwani wanatoka shambani?"

"Na mwezi mkubwa hivi?"

Yule mtu akacheka. "Kumbe siku hizi tuna polisi wa vichanja. Mama, mimi ni wa hapahapa, unanijua."

"Nakujua unaponunua." Akainama akapapasa sakafu ya mtumbwi, akamwonyesha kiganja. "Pakavu. Huyu mtoto anakuja kufua maji gani?"

Yule mtu akageukia mashine yake. Mama Bukuru akamshika Zuhura kwapani, akamtoa. Mashine ikawashwa, mtumbwi ukaondoka.

Hadi leo sijui alitaka nini. Siku za giza ziliporudi alikuja kununua dagaa, akatusalimu vilevile, wala hakulitaja jambo lile. Huenda alikuwa anatania. Mimi nimelichunguza kwa miaka mingi, na kila nikitaka kumwamini nakikumbuka kiganja kile kikavu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mgeni kabisa asingelijua jina la baba yangu.

Siku ile Mama Bukuru alitufikisha nyumbani, akamuuliza mama, "Hawa umewatuma kwa nani?"

"Kwenu, dada. Mwaloni."

"Sisi tuko majumbani, ni siku za mwezi. Leo umemkabidhi mtoto kwa mchanga."

Mama alikaa chini. Kisha akasema kwa hasira kwamba hatutavuka tena kizingiti.

"Usifanye hivyo," Mama Bukuru akamwambia. "Ziwa watafundishwa na nani, ukuta? Asiyejua maji ndiye anayezama. Waache waende. Ila kabla hawajatoka, tazama nani yuko pale leo."

Basi, mwanangu, nirudi kwako. Unasema mtaa unawajua watoto wako. Nimepita huko nikitazama. Mageti yamefungwa, mwenye genge amehama, na vijana wa bodaboda kijiweni wameinamia simu. Hao wanamjua mtoto wako kama yule mtu alivyotujua sisi: jina la baba na njia ya kwenda dukani. Tunaambiwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi huuliza, ulimwengu huo leo umeamkaje?

Usiwafungie ndani. Wapande, waanguke, wagombane na wapatane bila wewe. Lakini jua kwa jina mtu atakayewaona asubuhi na atakayewaona jioni, na uende umwambie, maana asiyeombwa hana deni la kutazama. Mtu huyo akisafiri, mipaka ya mchezo ipungue siku hiyo. Na wafundishe kulipima ombi la mkubwa, hata anayewasalimu vizuri: kazi hii ipo kweli? Mbona ananiomba mimi?

Mungu awape wanao miguu ya kufika mbali, na kila watakakofika awakutanishe na mtu asiyeona haya kuinama na kupapasa sakafu ya mtumbwi.