Papa Alipovishwa Utepe Mezani

Mama alikuwa amezimia tena, safari hii sokoni, na daktari alitaka apimwe umeme wa ubongo. Mama akakataa. Jirani yetu hapa mtaani Ngagara alikuwa amemwambia kwamba mashine ile inasoma mawazo.

"Mi apana enda. Mambo yangu ya moyoni, dokta anayatakia nini?"

Sikubishana naye. Nilikuwa na utepe wa kichwani wa bei nafuu, ninaoutumia kufundishia shuleni, unaopima umeme huohuo, ingawa hauwezi kutambua ugonjwa. Nikampangusa mafuta kwenye paji la uso, kwa sababu vihisio vinataka ngozi safi, nikamvisha. Mstari ukaanza kutetemeka kwenye simu yangu.

"Haya, mwalimu. Nawaza nini?"

"Sijui, Mama. Pepesa macho." Mstari ukaruka. "Umeona? Sasa yafunge, utulie."

Mawimbi mapana, ya taratibu, yakajipanga. Nikamweleza kwamba kupima hivi ni kama kusimama nje ya uwanja wa mpira: unasikia watu wakishangilia au wakitulia, lakini husikii anachonong'ona mmoja wao.

"Sikuona kitu, macho ilikuwa imefungwa," akalalamika. "Muvalishe baba yako, nione."

Samaki wa mukeke walikuwa tayari mezani, na kwetu hakuna anayegusa sahani kabla Papa, yaani baba, hajaomba. Papa ni mzee wa kanisa. Sala yake huwapitia wagonjwa wote wa mtaa kabla ya kufika kwenye chakula. Akavaa utepe, akaanza. Mama na mimi tukainamia simu, macho wazi, Mungu atusamehe. Mawimbi mapana hayakuja. Mstari uliruka, ukaruka tena.

"We muzee!" Mama akamkatiza kabla ya amina. "Macho iko wazi!"

"Nachunga mukeke," Papa akajitetea. "Paka iko pale murangoni."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Miaka yote tunafunga macho, kumbe mutu anachagua samaki kubwa!" Kisha akanigeukia, kicheko kimekwisha. "Na hiyo ya paka, mashine ilisema?"

"Hapana, Mama. Ilionyesha macho tu. Paka amemtaja mwenyewe."

Akajipakulia yule samaki mkubwa. "Basi kesho tuende."

Asubuhi, fundi wa hospitali alipomwomba afumbe macho, Mama alimtuliza: "Usiogope, mwanangu. Mi nafunga ya kweli. Si kama bwana yangu."