Mawe Matatu ya Kalimoni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, niliamini kwamba mimi ndiye niliyemtia mama mawe tumboni. Nilikuwa na ushahidi, na kwa umri wangu haukuwa ushahidi mbaya.

Tulikaa Kiganjo, Thika, nyumba ya vyumba viwili. Mama aliuza chapati na maharagwe kwa wafanyakazi wa viwandani, na Shosho, mama yake mzazi, alikuwa amehamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Mimi nilirithi jina la Shosho, kwa hiyo mama aliniita maitu, yaani mama yangu, hata siku alizonichapa. Mwaka ule alianza kushikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Yalikuja akishakula mafuta, yakapanda hadi begani, naye akawa analala mchana, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwake.

Shosho alikuwa na katazo lake. Mtoto hachezi mawe katika nyumba yenye mgonjwa, kwa sababu mawe humwingia mgonjwa. Hakueleza humwingia kwa njia gani, na Shosho hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha, na sisi wasichana tulikuwa tumeshikwa na ule mchezo wa kurusha jiwe moja juu na kuokota mengine kabla halijashuka. Nilicheza kando ya kitanda cha mama. Nilikuwa na mawe matano, na nililolipenda zaidi lilikuwa jekundu, lenye mstari mweupe katikati.

Mama alipokwenda hospitalini akapigwa picha ya tumbo, alirudi akatuambia daktari ameona mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ndugu zangu wakauliza ni mawe gani hayo. Mimi sikuuliza.

Daktari alisema mfuko utolewe pamoja na mawe yake, na usipotolewa, ipo siku jiwe litaziba njia ya nyongo, na hapo mambo yatakuwa mengine. Mama alieleza haya akikunja leso yake na kuikunjua. Shosho alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameona mbuzi wengi wakichinjwa maishani mwake na alijua utaratibu wake: ini linashikwa kwa uangalifu, nyongo inakatwa bila kupasuka, inatupwa mbali na nyama.

"Mimi sijawahi ona kitu inatolewa nyongo na inabaki ikitembea," alisema.

Ukimtazama mbuzi, Shosho alikuwa na hoja.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kalimoni, Shosho, mama na mimi, kwa mwanamke aliyesifiwa kutoa mawe bila kisu. Nilitarajia mtu wa kutisha. Nikakuta mama wa makamo mwenye kalenda ya kanisa ukutani na kuku wengi uani. Kulikuwa na watu mbele yetu, nikakaa kwenye ngazi ya mlango nikatoa mawe yangu nikacheza. Zamu yetu ilipofika niliitwa nishike beseni, nikayaacha mawe palepale, na yule mwanamke akatoka kwanza kumwaga maji, kisha akarudi ndani.

Alimchanja mama kwa wembe chini ya mbavu, chale ndogo tatu. Akaweka pembe ya ng'ombe juu yake, akafyonza kwenye tundu la nchani mpaka mashavu yakabonyea, kisha akatema katika beseni langu. Damu kidogo, mate mengi, jiwe. Alifanya hivyo mara tatu. Jiwe la tatu lilikuwa jekundu, lenye mstari mweupe katikati.

Mama aliinamia beseni akayatazama. Kisha akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu mvua zianze. Nilitoka nje nikahesabu mawe yangu ngazini. Yalikuwa matatu. Mtu mzima angejua hapo hapo kilichotokea. Mimi nilijua pia, kwa hesabu yangu: mawe yangu mawili yalikuwa yamemwingia mama, kama Shosho alivyosema, na kama ningefungua mdomo kila mtu angejua ni nani aliyemuumiza. Nikanyamaza.

Mama akapata nafuu kweli. Yule mwanamke alikuwa amemkataza mafuta, na mama akatii, na bila mafuta maumivu yakatulia. Shosho aliwasimulia majirani wote. Miezi kama mitatu baadaye tulikwenda kwenye ruracio ya binamu yangu, mahari ikapelekwa, mbuzi wakachinjwa, na mama akala kama mtu aliyepona. Kesho yake macho yake yalikuwa ya manjano na alitetemeka chini ya mablanketi matatu. Alipasuliwa kwa dharura, akakaa wadini mwezi mzima, na siku kadhaa katika huo mwezi wakubwa waliongea kwa sauti za chini tulipoingia chumbani. Alirudi na kovu refu, bila nyongo, akitembea.

Nilipofika kidato cha pili nikaelewa habari ya ngazi ile na maji yale yaliyomwagwa. Kumbe hata kutafuta mawe yake mwenyewe mganga alikuwa mvivu. Kwake niliishia kucheka. Kwa Shosho sikucheka. Niliamua kwamba yeye ndiye aliyetaka kuniulia mama, na tangu hapo nilimsalimia kama mtu anavyomsalimia mwenye nyumba ya kupanga. Aliponiita nimsomee Biblia nilisema nina kazi ya shule. Alikufa nikiwa chuoni. Nilihudhuria mazishi, nikachota udongo, nikarudi chuoni siku hiyo hiyo.

Sasa nina duka la kushona sare za shule Ruiru, na kwa miaka miwili nimekuwa na mawe yangu. Daktari alieleza vizuri. Alisema wako watu wanaokaa na mawe hayo maisha yote bila kusumbuliwa, na hao huachwa. Mimi yananishika, na yameshanilaza sakafuni nyuma ya cherehani mara tatu, kwa hiyo ananishauri yatoke. Siku hizi ni matundu madogo tu, hakuna kovu refu. Nikamwambia nitakuja msimu wa sare ukiisha. Msimu ulipoisha nikasema tuone muhula wa pili. Kisha fundi wangu akajifungua.

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea, miaka yake sabini na kitu, akamla kuku wangu bila wasiwasi huku mimi nikila viazi vya kuchemsha. Aliuliza nangoja nini. Nikamtolea hadithi ya Kalimoni badala ya jibu, jiwe jekundu na yote, mara ya kwanza kuitamka. Nilidhani atashtuka.

"Nililiona," akasema.

"Uliliona wapi?"

"Kwa beseni. Maitu, si mimi ndiye nilikuwa nafagia hiyo nyumba? Mawe yako nilikuwa nayajua yote."

Nikamuuliza kwa nini basi hakurudi hospitalini. Alitafuna kwanza, akameza.

"Nilikuwa naogopa kisu. Shosho alitaka turudi kwa daktari wiki ileile. Alikuwa ameona hiyo jiwe yako pia. Mimi ndiye nilikataa. Nikamwambia akitaja hospitali tena arudi kwao. Hata kwa majirani alisimulia kunifunika tu."

"Na hukuwahi kuniambia."

"Ungeniheshimu aje? Yeye alisema wacha watoto wakasirikie mimi, mimi ni mzee."

Mama aliendelea kula. Mimi nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya sinki nikalia, kwa miaka yote ile ya kazi ya shule ambayo haikuwepo. Shosho alijua kwa nini nilimkwepa, na hakujitetea hata siku moja.

Niliporudi mezani nilimpigia daktari. Nalazwa Jumatatu. Naogopa, na nimewaambia watoto wangu kwamba naogopa, kwa maneno hayo hayo, ili mambo yakiharibika wasije wakatafuta mzee wa kumchukia.