Nilivyomfuata Mpagazi Hadi Mgwashi

Nimewahi kumwonea wivu mwanamume ambaye hajazaliwa kamwe. Naandika hivyo bila haya kwa sababu nimeshazeeka, na mzee akikosa haya watu husema ni umri. Shule nilikwenda miaka miwili tu, kisha baba akaniambia mbuzi hawajichungi, ikawa basi. Mwandiko huu nimeupata ukubwani, na ulitokana na wivu huohuo.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kiko juu milimani, upande wa Bumbuli, ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi. Tulikuwa na shamba la pamoja la maharage, Walutheri, Waislamu na Wakatoliki wachache, wote tukilima bega kwa bega, ingawa wengine walilima zaidi kwa mdomo. Nilikuwa na jirani mmoja wa namna hiyo, lakini tumwache, ameshakufa.

Mke wangu aliingia kisomo cha watu wazima. Mimi nilikataa. Nilisema nina kazi, kumbe sikuweza kukaa darasa moja na mama mkwe wangu. Kwetu mkwe ukimwona njiani unapisha. Sasa mtakaaje benchi moja mkiimba a, e, i, o, u?

Mke wangu akashika kusoma upesi. Ndipo likaletwa kasha la vitabu, likawekwa ofisi ya kijiji. Vingi vilikuwa vya kilimo bora na ufugaji wa kuku. Kimoja tu kilikuwa cha mapenzi, tena mapenzi ya zamani, enzi za Mjerumani.

Siku za kuchambua maharage wanawake walikaa barazani pa ghala, na mmoja akawasomea wengine. Kiongozi wa shamba alikubali msomaji ahesabiwe kazi sawa na wenzake, maana wanaosikiliza hawasengenyi na mikono yao inakwenda mbio. Msomaji alikuwa mke wangu.

Kitabu kilimhusu mpagazi aliyebeba mizigo kutoka milimani hadi Tanga, akampenda binti aliyekwishaposwa. Siku moja nikapita hapo, jembe begani, nikamsikia mke wangu akisoma jinsi mpagazi alivyomwosha yule binti miguu baada ya kuvuka mto. Sauti yake ilikuwa laini. Tangu nimuoe sikuwa nimeisikia sauti ile. Mimi nilipewa ile ya "maji yamekwisha" na "mbuzi wako kwenye migomba".

Ikanichoma. Akawa anasonga bada, ugali wetu wa muhogo, huku anacheka peke yake. Nikimuuliza anacheka nini, anasema, "Huyu mpagazi, bwana," kama anamtaja mtu wa ng'ambo ya bonde.

Sasa kosa langu. Nilimwuliza mwalimu wa kisomo kama mambo yale ni ya kweli, akanijibu kwamba hiyo ni riwaya ya kihistoria. Mimi nikashika neno historia. Kwetu historia ndiyo inayoamua kesi za mashamba: wazee wanakaa, wanasema nani alifyeka msitu na nani alimzaa nani, na hakuna anayethubutu kutia chumvi. Basi nikajua mtu yupo. Tena kitabuni alikuwa mtu wa kijiji cha Mgwashi, na kama alikuwa kijana enzi za Mjerumani, huenda bado yu hai.

Nikafunga safari. Huko nikaelekezwa kwa mzee mjuzi wa koo zote. Nikampa shikamoo, tukaulizana mvua na mifugo, mwisho nikamtajia mpagazi. Akauliza kama tunagombania shamba. Nikasema hapana. Je, ameniibia? Nikasema anamsumbua mke wangu.

Mzee akahesabu kwa vidole. "Mpagazi wa zama hizo ana miaka themanini na zaidi. Mkeo je?"

"Thelathini, babu."

"Kwa hiyo, mwanangu, umezidiwa na kikongwe?"

Akacheka mpaka akakohoa, na mkewe akacheka huko jikoni. Halafu akanihakikishia kwamba mtu huyo hayumo katika ukoo wowote wa pale. Nikarudi na aibu yangu, na wivu ukazidi, maana mtu asiye na ukoo hana hata mzazi wa kumpelekea mashtaka.

Nikakiiba kitabu. Nikakifukia ndani ya gunia la mbegu. Mke wangu akatafuta siku mbili, kisha akaacha. Siku ya kuchambua akaanza kusimulia kutoka kichwani, nami nikajibanza nyuma ya ghala. Nilijuta. Kitabuni, nilisikia kwa masikio yangu, mpagazi alikuwa na kovu shavuni na alikoroma. Mdomoni mwa mke wangu kovu lilipona, mkoromo ukaisha, na akajua kupika.

Jioni ile nikamwekea kitabu mapajani.

"Gunia la mbegu," akasema. "Nilikiona siku ya tatu."

"Mbona hukukitoa?"

"Nilitaka kuona mwanamume wa watu utamfungia mpaka lini."

Nikamwuliza kilichokuwa kinaniua: "Unampenda?"

"Nampenda, baba watoto, sikufichi. Hajaniletea nguo hata moja ya kufua." Kisha akaniangalia vizuri. "Kasome. Mama anakaa mbele, wewe kaa mlangoni."

Nikakaa mlangoni, uso nimeuelekeza nje. Mpaka maharage ya mwaka uliofuata ndipo nilipoweza kukisoma kitabu kile, kidole kikitembea chini ya maneno. Nilitaka kumtafutia makosa. Badala yake nikatembea naye. Babu yangu alikuwa na uvimbe begani, mgumu kama kiazi, wala hakutuambia ulitoka wapi. Nikauona mzigo uliouleta. Nikajua na njia yake, na baridi ya asubuhi zake, na kwamba huenda naye kuna binti alimwacha ng'ambo ya mto.

Nilipofika ukurasa wa mwisho nikamkimbilia mke wangu nimweleze. Alikuwa mlangoni, mwangani, amefungua kitabu kingine, anatabasamu.

"Ngoja nimalize hapa," akasema, bila kuinua macho.

Nikakaa kando yake nikingoja. Midomo yake ilikuwa inacheza polepole, nami sikujua yuko nchi gani, wala yuko na nani.