Cibalonza katika khitima yetu

Harufu ya kahawa na tangawizi iliyopondwa bado inanirudisha Nyamugo, mtaa wa Bukavu, kwenye nyumba ya bibi yangu juu ya mteremko, katika majuma ya mwisho ya mwezi wa Shaabani. Mwaka ninaoukumbuka, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kulainisha udongo mwekundu. Wanawake waliokuja alasiri walivua viatu vya matope mlangoni, wakaingia wakijitanda upya kanga zao katikati ya moshi wa ubani. Kila ukoo wa Waislamu mtaani petu ulikuwa na siku yake ya khitima kabla ya Ramadhani. Kurani ikishasomwa, yalisomwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina wote waliitika "Amini". Vitumbua vilikaa chini ya kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa mpaka jina la mwisho.

Orodha yetu ilianza na Mzee Feruzi, baba yake bibi. Alitoka pwani, akapita Tabora, akakaa Ujiji, akafika Kasongo, kisha Uvira, na mwishowe akapanda huku milimani na chumvi na vitambaa, wakati ambapo Bukavu, kwa maelezo ya nyumbani, ilikuwa majani na nyumba chache za Wazungu. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa: sisi ni watu waliokuja, wenye kanzu na wali wa Ijumaa. Baada yake walifuata wake zake wawili wa Ujiji na watoto wao waliotangulia. Karatasi yenyewe iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mikunjo ilikuwa imeanza kula majina. Kwa hiyo dada wa bibi kwa baba, ambaye sote tulimwita Bibi Mukubwa, aliniagiza niinakili kwa herufi za shule kisha niisome mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimehitimu Kurani na mwandiko wangu ulisifiwa. Nilikuwa na miaka kumi.

Mwaka huohuo, kwa amri ya serikali, shule ilitutaka tuache majina yaliyoitwa ya kigeni, tulete majina ya asili ya Zaïre. Zuhura, jina langu, lilikataliwa. Papa, baba yangu, alipendekeza Feruzi, na hilo pia likakataliwa. Nikamwendea bibi, aliyekuwa akichambua mchele, nikamwuliza kama hatuna jina lolote la hapa.

"Liko," akasema. "Mama yangu alikuwa anaitwa Cibalonza. Mutu wa Idjwi."

Sikuwahi kusikia habari zake. Alikuwa mke wa tatu wa Mzee Feruzi. Alifunga Ramadhani pamoja na wenzake kila mwaka, lakini hakuna aliyeshuhudia akisilimu, na alipougua alirudi kisiwani kwao Idjwi kwa mtumbwi, akafa huko na kuzikwa na ndugu zake kwa desturi zao. Ndiyo maana hakuwemo katika orodha. Bibi alinieleza hayo bila kulalamika. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye ungo, kwamba tangu utoto wake anawaitikia Amini mama za wenzake, na anangoja.

Shuleni nikaandikwa Cibalonza. Nyumbani nilikaa na karatasi mbili mbele yangu, ile ya zamani na nakala yangu, nikifikiri mpaka kichwa kikaniuma. Kama jina lilifaa kwenye daftari la serikali, kwa nini lisifae kwetu? Lakini kama halikufaa mbele ya Mungu, je, lingeharibu dua ya wote katika orodha, au ya waliofuata baada yake tu? Niliona kwamba nikiliweka mwisho kabisa, hasara itakuwa ndogo. Nikaliandika mwisho.

Siku ilipofika nilisoma haraka, nikisikia kila "Amini" kama hatua ya kunisogeza ukingoni. Nilipotamka "Cibalonza, mke wa Feruzi," wanawake wakageuka kunitazama. Bibi Mukubwa aliweka tasbihi mapajani.

"Nani alikuambia uandike ile?"

Nilimtazama bibi yangu.

"Hakuna mutu alimuambia, Dada," bibi akasema. "Ile ni jina yake ya ku masomo. Mutoto ameandika jina yake mwenyewe."

"Mutoto hajakufa. Tunamuombea nini?"

Mtu mmoja akacheka ndani ya kanga. Mama Zaina, jirani yetu fundi cherehani, aliyezaliwa Mshi, mtu wa kabila la hapa, na kusilimu alipoolewa, akasema polepole, "Bibi Mukubwa, mama yangu pia alikufa hivi hivi. Mimi naye nisimuombee?"

Bibi Mukubwa aliichukua tena tasbihi yake. Nadhani naye alikuwa akipima, kama mimi. "Yule mama ndiye alinibeba mugongoni wakati mama yangu alikuwa mugonjwa," akasema hatimaye, bila kumwelekea yeyote. Kisha akanigeukia. "Soma tena. Na usikimbie kama unafukuzwa."

Nikasoma tena. Bibi aliitika kabla ya wengine, kwa sauti ambayo sikuijua.

Sasa nimemaliza chuo kikuu, nangoja kazi, na nina muda mwingi mno wa kufikiri. Bibi na dada yake wamekufa. Walimu vijana wa dini waliorudi kutoka masomoni ng'ambo wanasema orodha si lazima. Inatosha kuwaombea wafu wote kwa dua moja, Mungu anawajua. Nimeitafuta kasoro katika hoja hiyo na sijaiona. Mungu alimjua Cibalonza hata alipokuwa hasomwi. Sisi ndio tuliokuwa hatumjui. Mwaka huu dua ilikwisha bila orodha, vitumbua vikiwa bado vya moto. Baadaye mpwa wangu wa miaka tisa alinieleza kwamba wenzake shuleni wanamwambia arudi kwao, akaniuliza kwao ni wapi. Nilianza na pwani, nikasimama. Nikamwambia akae, kwa sababu itabidi tuanzie Idjwi.