Magimbi kwenye Meza ya Mgombea

Dilbodel alikuwa mwanamke wa kushinda topeni. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, alishuka bondeni na kisu na kikapu, akaingia katika shamba lake la magimbi hadi magotini, na watu wa Ngerbedul walijua huko ndiko kwa kumtafuta. Ukitaka kumposa binti wa ukoo wake, au kujua kipande fulani cha ardhi ni cha nani, hukwenda kubisha nyumbani. Ulisimama kwenye tuta ukamsubiri anyooshe mgongo.

Alikuwa mama mkubwa wa ukoo. Kwetu visiwani Palau mwanamume hupewa cheo na wanawake wa ukoo wake, na wanawake haohao wakiona vibaya hukichukua. Dilbodel ndiye aliyempa cheo mdogo wake, Sumang, na tangu siku ile jina la Sumang likawekwa kando. Akawa Rechiruu, barabarani, kanisani, hata kwa mkewe. Na kila mwisho wa juma Dilbodel alimpelekea kikapu cha magimbi yaliyopikwa, kama dada anavyompelekea kaka, naye alikirudisha kikapu kikiwa na samaki ndani.

Mwaka ule Rechiruu aligombea ubunge. Siku ileile ya uchaguzi tulitakiwa pia kupiga kura juu ya Mkataba. Katiba yetu ilikuwa imekataza silaha za nyuklia katika ardhi na bahari yetu, ila kama robo tatu ya wapiga kura wangekubali. Mkataba na Marekani ungeruhusu manowari zao zipite na kutia nanga bila kuulizwa zimebeba nini, na sisi tungepata fedha za barabara, hospitali na mishahara. Tulikuwa tumeshalipigia kura jambo hilo mara nyingi, hata watoto walikuwa na mchezo wao wa Ndiyo na Hapana uwanjani. Kila mara waliosema Ndiyo walikuwa wengi, na kila mara hawakufika robo tatu. Ngerbedul ilikuwa kijiji cha Hapana. Safari hii mtoto wa kijiji hichohicho, Rechiruu, alikuwa anagombea kwa Ndiyo.

"Umeziona fulana za mdogo wako?" Toyomi alimuuliza asubuhi moja. Toyomi alikuwa shoga yake tangu walipokaa dawati moja katika shule ya Wajapani, waliotutawala kabla ya vita, na mashamba yao yalitenganishwa na tuta moja tu.

"Nimeziona."

"Uso wake umekaa juu ya matumbo ya vijana wote. Yule mtoto wa Kazuo kwa tumbo lile, mashavu ya Rechiruu yamevimba kama mtu mwenye jino bovu."

Dilbodel alicheka hadi akatema tambuu yake topeni. "Mwache. Tangu mdogo anapenda kutazamwa."

"Uso haunisumbui, shoga. Yananisumbua maandishi yaliyo chini yake."

Maandishi yalisema: Ndiyo kwa Mkataba, Ndiyo kwa Rechiruu. Dilbodel aliinama akaendelea kung'oa magugu. Cheo alichokitoa yeye kwa mkono wake kilikuwa kimechapwa pamoja na neno ambalo hakulitoa.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Binti yake Ebil alikuwa amerudi kuishi naye pamoja na mumewe, Tadao, kwa sababu serikali haikuwa na fedha na wafanyakazi wengi walikuwa wamerudishwa makwao bila mshahara.

"Mama, Hapana haituletei mchele," Ebil alisema wakati wanamenya magimbi. "Mwangalie Tadao. Anashinda akishona nyavu ambazo hazijatoboka."

"Nakusikia," Tadao alisema kutoka barazani.

"Usikie! Si ni kweli?"

Dilbodel alimenya la pili na la tatu ndipo akajibu. "Askari wa Kijapani walipokuja kukaa hapa walituambia wamekuja kutulinda. Walichimba mashimo ya mizinga, wakaweka mabomu yao. Ndege za Wamarekani hazikuja kwa ajili yetu, Ebil. Zilifuata mabomu yaliyokuwa kwetu."

"Hiyo ni hadithi ya zamani."

"Mimi ni wa zamani."

Zaidi ya hapo hakusema, lakini Ebil alizijua habari zote. Mwaka wa mwisho wa vita familia ilijificha pangoni, huko juu msituni, na mama yao alikuwa na homa. Dilbodel, akiwa msichana mdogo, ndiye aliyetambaa hadi bondeni kabla ndege hazijaanza kuzunguka, akachimbua magimbi kwa vidole katika shamba lililotobolewa na mabomu. Aliyapika kwa moto usiotoa moshi, akamtafunia Sumang, ambaye alikuwa hajaanza hata kusema sawasawa. Vitoto vingine vya pangoni vilizikwa palepale. Sumang hakukumbuka lolote la mambo hayo. Yeye alikumbuka baada ya vita tu, biskuti za makopo na askari wa Kimarekani wanaocheka.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi Toyomi alisimama kanisani wakati wa matangazo, akasema yeye ni Hapana na watoto wake ni Hapana. Siku iliyofuata alikuta shamba lake limemwagiwa dizeli. Mafuta yalielea juu ya maji yakiwa na rangi za upinde wa mvua, na majani makubwa ya magimbi yalikuwa yameanza kulegea kama masikio ya mbwa mgonjwa. Kwenye tuta palikuwa na fulana moja imesahauliwa. Uso wa Rechiruu ulitazama juu.

Toyomi hakulia. Alisimama tu na kisu mkononi. "Shamba la mama yangu," alisema. "La mama wa mama yangu."

Dilbodel aliiokota ile fulana, akapanda kilima hivyohivyo, miguu na tope, hadi barazani kwa mdogo wake. Alimkuta anachanganya tambuu na chokaa.

"Dada! Karibu, keti."

"Siketi, nitachafua sakafu." Aliitupa fulana mbele yake. "Vijana wako wamelimwagia mafuta shamba la Toyomi."

Rechiruu aliitazama fulana. "Sikuwatuma."

"Sikusema umewatuma. Simama mbele ya watu useme ni vibaya."

"Nikisema sasa itakuwa nimekiri. Nitasema baada ya uchaguzi."

"Baada ya uchaguzi magimbi yatakuwa yameoza."

"Dada, nifanye nini? Kina mama wanajifungulia njiani kwa sababu barabara ni matope. Mkweo anakaa bure. Wewe bado unaogopa vita vya zamani. Siku hizi hakuna anayeyarusha hayo mabomu. Mataifa makubwa yenyewe yanasaini mikataba ya kuyapunguza, nimesikia redioni."

"Kama wanayapunguza, kwa nini wanatafuta pa kuyapitisha hapa kwetu?"

Rechiruu aliweka tambuu mdomoni. Alipotafuna vya kutosha alisema kwa sauti nyingine, ya chini, ile aliyokuwa nayo utotoni. "Jumamosi ni mkutano wa mwisho. Utaleta chakula?"

Dilbodel aliangalia tope lililokuwa likikauka miguuni mwake.

"Unajua wanavyotazama meza. Sahani ya dada isipokuwapo, nimekwisha. Nitakuwa mtu aliyekataliwa kwao."

"Umewahi kukaa na njaa mimi nikiwa hai?"

Rechiruu alitabasamu. Na kweli lilikuwa jibu, ingawa Dilbodel mwenyewe, aliposhuka kilima, hakuwa na hakika amejibu nini.

Toyomi alimwomba asipeleke. Walikuwa wamekaa tutani, wakichota maji yenye mafuta kwa ndoo na kuyamwaga mbali.

"Ni ndugu yangu," Dilbodel alisema. "Nilimtafunia. Magimbi si kura, shoga. Kila mtu hapa anajua dada hulisha kaka yake, awe mwema awe mpumbavu."

"Zamani walijua."

"Hata sasa wanajua."

"Haya," Toyomi alisema, akainua ndoo. "Peleka uone."

Jumamosi Dilbodel alichagua magimbi ya pembe ya juu ya shamba, yale ambayo nyama yake hukaza na kung'aa. Aliyapika, akayapanga kwenye sahani kubwa ya mti ya ukoo, akavaa gauni la kanisani. Katika banda la mkutano palikuwa na samaki, kaa, nguruwe wawili wa kuchoma na sahani za wanawake wengi, lakini katikati ya meza, mbele ya kiti cha mgombea, paliachwa nafasi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani. Alipoingia mazungumzo yalipungua. Aliweka sahani, akamwinamia mdogo wake kidogo, akaenda kukaa na wanawake.

Hapo ndipo mshereheshaji, kijana wa mjini Koror mwenye kipaza sauti, aliporuka juu ya benchi.

"Mnaona wenyewe! Mama mkubwa ameleta magimbi! Bonde la Ngerbedul limesema nini?"

"Ndiyo!" vijana waliitikia.

"Sijasikia! Mama mkubwa amesema nini?"

"Ndiyo!"

Dilbodel alijikuta amenyanyuka nusu. Katika mkutano wa wanaume mwanamke wa cheo chake hapigi kelele. Humtazama mwanamume aliyempa cheo, na yeye humsemea. Alimtazama. Rechiruu alimwona, na kila aliyekuwa karibu aliona kwamba amemwona. Alikuwa na nafasi ya kuinua mkono na kusema, hapana, dada yangu ameniletea chakula tu. Badala yake alichukua gimbi, akalimega, akala. Watu wakashangilia. Dilbodel akakaa chini taratibu.

Jumanne tulipiga kura. Nchi nzima Ndiyo ilishinda, na tena haikufika robo tatu, kwa hiyo Mkataba ulibaki pale ulipokuwa, ukingoja kura nyingine. Lakini Ngerbedul, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imesema Ndiyo, na Rechiruu akawa mbunge. Bibi mmoja mzee wa upande wa gatini alimshika Dilbodel mkono nje ya kanisa akiwa na furaha tele. "Mwanangu, mimi mambo ya mikataba siyajui. Nilikufuata wewe."

Alishuka bondeni moja kwa moja akiwa na nguo za kanisani. Toyomi alikuwa shambani kwake anang'oa mashina yaliyooza.

"Toyomi."

"Yangu yamemwagiwa mafuta," Toyomi alisema bila kugeuka. "Yako yamekaa mezani kwake. Tusiongee leo."

Hawakuongea siku ile, wala juma lile.

Dilbodel aliwaita wanawake wa ukoo nyumbani kwake. Wengine walitaka cheo kichukuliwe, wengine waliogopa: ukoo wao haukuwahi kuwa na mbunge. Ebil alisimama mlangoni na kikaango mkononi. "Mama, ukifanya hivyo watatucheka hadi Koror. Na Tadao ameahidiwa kazi."

"Najua."

"Kura yenyewe nilipiga Ndiyo. Utanifukuza na mimi?"

"Kura yako ni yako. Chakula kimeiva?"

Kwa desturi uamuzi kama huo wa wanawake hupelekwa na mzee wa kiume. Dilbodel alikwenda mwenyewe. Barazani kwa mbunge palikuwa na wageni, na mdogo wake alipouona uso wake aliwaomba wawapishe.

"Nilikupa jina," alisema. "Nimekuja kulichukua."

Mdogo wake aliuliza, "Kwa sababu ya Mkataba?"

"Zaidi ya nusu ya kijiji wamesema Ndiyo. Hata Ebil, na analala kwangu. Si hilo. Ulisikia ninasingiziwa neno, ukanitazama, ukala."

"Dada, ilikuwa kampeni."

"Mimi nilidhani ni chakula."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka nyuma ya masikio, na Dilbodel alitamani kuzigusa.

"Ubunge utabaki nao, ulipewa na kura," alisema. "Lakini kuanzia leo wewe ni Sumang."

"Na magimbi? Na hayo yamekwisha?"

"Hayo ni mambo mengine."

Kijiji kilihangaika na jina lile. Wanaume walijikwaa katikati ya salamu, Re-, kisha wakakohoa na kusema Mheshimiwa. Wazee walisema Sumang kwa sauti ndogo, kama wanamwita mtoto atoke majini. Kazi ya Tadao haikuja. Ebil alipika na kufua bila kuimba.

Jumamosi ya kwanza Dilbodel alipika kama kawaida, akapeleka kikapu, akakiacha ngazini. Jumamosi ya pili kikapu kilikuwa hakijarudi. Akafuma kingine, akapeleka. Siku zilizobaki alikata machipukizi kutoka shamba lake, akayavusha tuta, akayapanda katika kipande cha Toyomi ambacho mvua ilikuwa imekisafisha. Toyomi alimwona, akaenda kufanya kazi upande mwingine. Lakini hakuyang'oa.

Asubuhi moja, baada ya redio kutangaza kwamba kura nyingine juu ya Mkataba itapigwa mwaka unaokuja, mtu alisimama kwenye tuta. Dilbodel aliendelea kuchimba hadi mwisho wa mstari, ndipo akanyoosha mgongo. Alikuwa Sumang, amevaa viatu vya mjini, na vikapu viwili mikononi. Kimoja kilikuwa na samaki aina ya pono, wamefunikwa kwa majani.

"Magimbi yalikuwa magumu juma hili," alisema.

"Mvua imekuwa nyingi."

Alisogeza uzito toka mguu mmoja hadi mwingine, viatu vikizama. Upande wa pili wa tuta Toyomi alikuwa ameacha kuchimba.

"Watanitaka niipigie Ndiyo kampeni tena," Sumang alisema.

"Watakutaka."

"Utaleta sahani?"

"Nitaleta ulipo. Ukiwa mezani, mezani. Lakini safari hii nitaongea kabla hujamega."

Sumang alitikisa kichwa polepole, na haikujulikana kama anakubali au anasikitika. Aliweka vikapu kwenye tuta. Alipofika pale njia inapopinda kuelekea kilimani, alisimama akalitazama shamba la Toyomi, lile doa jeusi na machipukizi machache yaliyosimama ndani yake. Alionekana kama mtu anayetaka kurudi. Kisha akaendelea kupanda.

Dilbodel aliwagawa samaki mafungu mawili, akaweka moja juu ya tuta upande wa shoga yake, na akarudi topeni.